Asilimia 29.5 ni ya nani? Jinsi mkataba wa walimu wa Kenya unavyofanya kazi

Tarehe 18 Julai 2025 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) na vyama vya walimu walitia saini mkataba mpya wa miaka minne, na tarakimu iliyobaki midomoni mwa watu ikawa moja: asilimia 29.5. Mwenye nyumba aliisikia, mwenye duka aliisikia, na jamaa mwenye mtoto wa kulipiwa karo naye aliisikia. Mwalimu wa shule ya msingi aliyejaribu kueleza kwamba yeye hakupata kiasi hicho alionekana anaficha. Hata miongoni mwa walimu wenyewe wapo wasiojua nyongeza hiyo imetoka kwa nani hasa: serikali, chama, mahakama au rais.

Nyongeza ilikuwa kati ya asilimia 5 na 29.5. Walio ngazi za chini ndio waliotengewa asilimia kubwa, walio juu wakapata ndogo, na malipo yakagawanywa kwa awamu mbili, Julai 2025 na Julai 2026. Hilo ndilo jibu fupi. Lakini linaacha swali kubwa zaidi: makubaliano haya hupatikanaje, na kwa nini mengine hulipwa bila kelele huku mengine yakiishia mahakamani na barabarani? Swali hili linamhusu kila mzazi, maana mazingira anayofanyia kazi mwalimu wa gredi ya pili ndiyo mazingira anayosomea mtoto wa gredi ya pili.

Wahusika ni akina nani

Mwajiri wa walimu wa shule za umma ni TSC. Iliundwa kwa sheria ya Bunge mwaka 1967, na Katiba ya 2010, katika kifungu cha 237, ikaifanya tume huru yenye jukumu la kusajili walimu, kuwaajiri, kuwapangia shule, kuwapandisha vyeo na kuwaadhibu. Kabla ya 1967 mwalimu mmoja aliajiriwa na misheni, mwingine na halmashauri ya wilaya, na wawili hao wangeweza kufundisha somo lilelile kwa masharti tofauti kabisa. Chama cha Kitaifa cha Walimu Nchini (KNUT), kilichoanzishwa 1957, kilipigania kwa miaka kumi walimu wote wawe na mwajiri mmoja. Kwa hiyo TSC, ambayo leo huonekana kama hasimu wa chama, ilizaliwa kutokana na madai ya chama. Jambo hili husahaulika kila zinapopamba moto kelele za mgomo, na naona ni hasara kulisahau.

KNUT huwakilisha zaidi walimu wa shule za msingi. KUPPET ni cha walimu wa sekondari na vyuo, na KUSNET ni cha walimu wa elimu maalum. Upande wa serikali hauishii kwa TSC. Kuna Tume ya Mishahara na Marupurupu (SRC), iliyoletwa na Katiba ya 2010, ambayo hutoa ushauri juu ya mishahara ya watumishi wa umma. Kuna Hazina, inayoshika fedha, na Bunge, linalopitisha bajeti. Mwisho kuna Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambako mkataba husajiliwa.

Mkataba wenyewe, ambao walimu wanauita CBA, ni makubaliano ya maandishi kati ya mwajiri na chama juu ya mishahara, marupurupu, likizo na masharti mengine ya kazi. Ukishasajiliwa mahakamani, masharti yake huingia moja kwa moja katika ajira ya kila mwalimu anayehusika. Hauhitaji kila mwalimu aende kusaini. Kifungu cha 41 cha Katiba kinakipa chama cha wafanyakazi haki ya kujadiliana na mwajiri kwa niaba ya wote, na kinampa mfanyakazi haki ya kugoma.

Hapa ndipo mkanganyiko unapoanzia. Fikiria mazungumzo ya mahari. Wazee wa pande mbili wanaweza kuketi, wakakubaliana idadi ya ng'ombe, wakala na kuombeana heri. Lakini ikiwa ng'ombe wako katika zizi la baba mkubwa ambaye hakuitwa kikaoni, posa hiyo ina kasoro tangu siku ya kwanza. Katika mambo ya walimu, chama na TSC ndio wazee waliokaa kikaoni. Mwenye zizi ni Hazina, na tangu 2010 kuna SRC, ambayo lazima iulizwe kwanza kama zizi linaweza kustahimili. Ukishaliona hilo, miaka thelathini iliyopita ya migomo ya walimu Kenya inaanza kueleweka.

Ahadi ya 1997 na hukumu ya 2015

Oktoba 1997, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Desemba, walimu waligoma chini ya uongozi wa Ambrose Adongo, katibu mkuu wa KNUT. Serikali ya Rais Moi ilikubali nyongeza ya kati ya asilimia 150 na 200, kwa awamu tano. Makubaliano yakachapishwa rasmi kama Ilani ya Kisheria nambari 534. Walimu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia, kwa sababu mishahara yao ilikuwa midogo mno.

Awamu ya kwanza ililipwa. Kisha uchaguzi ukapita, na serikali ikasema haina fedha. Mwaka 1998 walimu waligoma tena bila mafanikio. Deni hilo likawa kama mirathi: kila kizazi cha viongozi wa KNUT kilirithi ilani nambari 534 na kuidai upya. Mgomo wa 2013, miaka kumi na sita baadaye, bado ulihusu marupurupu yaliyotajwa katika ilani ileile. Mwalimu aliyeajiriwa kijana mwaka ule wa 1997 alikuwa ameshakuwa mtu wa makamo.

Pigo la pili lilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 30 Juni 2015 Jaji Nduma Nderi aliwapa walimu nyongeza ya asilimia 50 hadi 60. Serikali haikulipa. Muhula wa tatu ulipofunguliwa Septemba, walimu wa shule za umma hawakuingia darasani, na shule zikakaa bila masomo kwa takriban wiki tano huku watahiniwa wakisubiri mitihani ya taifa. Novemba mwaka huohuo Mahakama ya Rufaa ilibatilisha nyongeza yote. Mojawapo ya sababu ilikuwa kwamba ushauri wa SRC hauwezi kupuuzwa. Kwa maneno mengine, hata jaji hawezi kuwagawia watu ng'ombe bila kujali mwenye zizi amesema nini.

Ni rahisi kuangalia miaka hiyo na kusema walimu walikuwa wakaidi. Sikubaliani. Mtu aliyeahidiwa kwa maandishi na serikali yake akangoja miaka kumi na sita ana kila sababu ya kutoamini maneno matamu. Kutoaminiana huko kulikuwa na chanzo, na chanzo kilikuwa serikali kutoa ahadi kwa hesabu ya kura badala ya hesabu ya bajeti.

Mwaka 2016 mambo yaligeuka. TSC, KNUT na KUPPET walifikia mkataba wa kwanza kamili wa pamoja, wenye thamani ya shilingi bilioni 54 kwa miaka minne kuanzia Julai 2017. Tofauti yake kubwa ilikuwa katika matayarisho. SRC ilikuwa imefanya tathmini ya kazi za watumishi wa umma, walimu wakiwemo, ili kupima uzito wa kila kazi na kuipangia ngazi. Fedha zilipangwa kabla ya saini. Awamu zikaanza kulipwa kama zilivyoandikwa, jambo ambalo walimu wa Kenya hawakuwa wamelizoea.

Ushindi uliokiponza chama

Sehemu hii ndiyo ngumu zaidi kuelezeka, na ndiyo inayofunza mengi zaidi.

Pamoja na mkataba wa 2016, TSC ilileta mwongozo mpya wa kupanda vyeo. Zamani mwalimu wa cheti aliyejisomesha hadi shahada alitarajia kupandishwa ngazi kwa sababu ya shahada hiyo. Chini ya mwongozo mpya, kupanda kulitegemea zaidi nafasi zilizopo, mahojiano na tathmini ya utendaji. Walimu wengi wa msingi walikuwa wamekopa fedha na kutumia likizo zao zote vyuoni wakisoma, na sasa wakaambiwa vyeti vyao havitoshi. Maumivu yao yalikuwa ya kweli. Wakati huohuo TSC ilikuwa inawahamisha walimu wakuu mbali na kaunti zao, hatua iliyotenganisha familia nyingi.

KNUT, chini ya katibu mkuu wake Wilson Sossion, ilikwenda mahakamani. Julai 2019 Jaji Byram Ongaya aliamua kwamba wanachama wa KNUT waendelee kufuata utaratibu wa zamani wa kupandishwa ngazi. Ulionekana ushindi mkubwa. Lakini TSC ikaitafsiri hukumu hiyo hivi: ikiwa wanachama wa KNUT hawamo katika mwongozo mpya, basi hawastahili pia nyongeza za mshahara zilizojengwa juu ya mwongozo huo. Mwezi uleule awamu ya nyongeza ilipolipwa, wanachama wa KNUT waliachwa nje.

Hebu fikiria ofisi ya walimu katika shule moja. Walimu wawili wana ngazi moja na miaka sawa kazini, mmoja ana nyongeza kwenye hati yake ya mshahara na mwenzake hana, na tofauti yao ni kadi ya chama. Walimu walianza kujitoa mmoja mmoja, kisha kwa maelfu. Chama kilichokuwa na wanachama zaidi ya 180,000 kikashuka hadi chini ya 30,000 kufikia 2021. Michango ikakauka na matawi yakafunga ofisi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya 2007 inataka chama kiwe na zaidi ya nusu ya wafanyakazi wa kundi lake ili mwajiri alazimike kukitambua, kwa hiyo hata haki ya KNUT kukaa kwenye meza ya mazungumzo ikawa mashakani.

Kwa maoni yangu TSC ilikosea. Mkataba uliosajiliwa ulipaswa kuwalinda walimu wote wa kundi husika, na kutumia mshahara kuwabana walimu waache chama ni kuiumiza haki ile ile ambayo Katiba inailinda. KNUT nayo ilikuwa na kosa lake: ilipigana na sehemu moja ya mpango bila kutazama kwamba sehemu nyingine, yenye fedha, ilikuwa imefungwa nayo kwa kamba moja. Kabla ya kuukata uzi katika mpango wa mishahara, lazima ujue kilichoning'inia upande wa pili.

Juni 2021 Sossion alijiuzulu na Collins Oyuu akachukua nafasi yake. Mwezi uliofuata mkataba wa 2021 hadi 2025 ulitiwa saini, ukiwa hauna nyongeza hata ya shilingi moja.

Mkataba usio na pesa una maana gani?

Wengi waliucheka mkataba ule wa 2021, wakisema Oyuu amesaini karatasi tupu. Hoja yao inaeleweka. Janga la Korona lilikuwa limetikisa uchumi, SRC ilikuwa imesimamisha nyongeza za mishahara kwa watumishi wote wa umma, na mwalimu hawezi kula karatasi. Hata hivyo mkataba ule ulirefusha likizo ya uzazi kutoka siku 90 hadi 120, na likizo ya baba kutoka siku 14 hadi 21.

Mwalimu wa kike wa shule ya msingi hawezi kunyonyesha huku akifundisha darasa la watoto sitini. Hana ofisi ya kufunga mlango, na mara nyingi hakuna wa kumshikia kipindi. Siku thelathini zaidi nyumbani na mtoto mchanga ni badiliko kubwa katika maisha yake kuliko asilimia mbili za mshahara. Na zilipatikana bila shule kufungwa hata siku moja. Hiyo ndiyo sehemu ya mazungumzo ya vyama na serikali isiyopata vichwa vya habari: likizo, uhamisho, bima ya matibabu, marupurupu ya wanaofundisha katika mazingira magumu.

Fedha nazo zilikuja baadaye. Agosti 2023 mkataba uleule ulifanyiwa marekebisho na walimu wakapata nyongeza ya asilimia 7 hadi 10 kwa awamu mbili. Awamu ya pili ilitakiwa Julai 2024. Lakini mwisho wa Juni mwaka ule, baada ya maandamano ya vijana, Mswada wa Fedha uliondolewa, bajeti ikakatwa, na pesa za walimu zikawa miongoni mwa zilizoguswa. Vyama vilitangaza mgomo wa Agosti. Serikali ikaahidi kuzirudisha, KNUT ikaahirisha mgomo na shule za msingi zikafunguliwa. KUPPET, ikiwa na madai mengine pia, iliendelea kugoma kwa siku kadhaa kabla ya kurudi. Kisa hicho kinaonyesha kwamba saini inamfunga mwajiri, lakini bajeti hupitishwa kila mwaka, na kila mwaka chama hakina budi kuifuatilia Bungeni.

Yanayosemwa mitaani

Kuna dhana kwamba asilimia fulani ikitangazwa, mwalimu huweka mfukoni asilimia hiyo. Nyongeza huhesabiwa kwenye mshahara wa msingi, yaani kabla ya marupurupu ya nyumba na mengine. Chukua mwalimu mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 30,000, aliyepewa asilimia 10 kwa awamu mbili sawa. Awamu ya kwanza ni shilingi 1,500. Toa mchango wa pensheni wa asilimia 7.5, bima ya afya ya jamii asilimia 2.75 na ushuru wa nyumba asilimia 1.5, kisha kodi ya mapato ya asilimia 30 kwa kinachobaki, kwa kuwa mshahara wake wote pamoja na marupurupu umevuka 32,333. Kinachofika mkononi ni kama shilingi 927. Bado hajatoa mchango wa chama, na benki aliyokopa nayo inasubiri. Ukimwona anahesabu nauli mwisho wa mwezi, hakudanganyi.

Dhana ya pili ni kwamba asiye mwanachama hula jasho la wenzake bure. Sheria ililiona hilo. Waziri wa Leba anaweza kuamuru mwalimu anayenufaika na mkataba bila kuwa mwanachama akatwe ada ya uwakilishi, ipelekwe kwa chama kilichojadiliana kwa niaba yake.

Na kuna wanaoamini kwamba chama kinachoelewana na serikali kimenunuliwa. Wakati mwingine shaka hiyo ina msingi, na wanachama wanapaswa kuwauliza viongozi wao maswali makali. Lakini kipimo hakiwezi kuwa ukali wa sauti ya katibu mkuu. Tazama kilichoandikwa, kama SRC ilishatoa ushauri wake, na kama fedha zimo kwenye bajeti. Mkataba wa 2025, wa takriban shilingi bilioni 33.8, ulipita katika milango hiyo kabla ya kalamu kushikwa. Ule wa 1997 ulikuwa na sauti kubwa kuliko yote, na ndio uliochelewa kuliko yote.

Ambayo mkataba haujayafikia

Idadi ya watoto darasani haiamuliwi na mkataba wa mishahara. Mwaka 1998 serikali ilisimamisha kuajiri walimu wapya, ikawa inajaza tu nafasi za waliostaafu, walioacha kazi au kufariki. Miaka mitano baadaye, Januari 2003, elimu ya msingi ikafanywa bila malipo na zaidi ya watoto milioni moja wakaingia shuleni. Wazazi walifurahi, nami naona ulikuwa uamuzi wa haki. Lakini walimu walikuwa walewale, na pengo lile halijazibwa hadi leo. Sehemu yake sasa inazibwa na walimu wanagenzi, ambao katika shule za msingi wamekuwa wakilipwa posho ya shilingi 15,000 kwa mwezi kwa kazi ileile ya mwalimu kamili.

Usalama ni jambo lingine. Tarehe 22 Novemba 2014 Al-Shabaab waliliteka basi lililotoka Mandera na kuwaua watu 28, wengi wao walimu waliokuwa wakienda nyumbani likizo. Walimu wasio wenyeji walikataa kurudi kaskazini mashariki, na KNUT ikasimama nao. Januari 2020, baada ya walimu watatu kuuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, TSC iliwaondoa walimu wengi kutoka maeneo hayo. Ilikuwa sahihi kuwaokoa. Ila watoto wa Garissa, Wajir na Mandera walibaki na madarasa yasiyo na mwalimu, na hakuna mkataba wa mshahara unaoweza kulitatua hilo. Linahitaji ulinzi, na linahitaji vijana wa huko wasomeshwe ualimu wafundishe nyumbani. Hayo chama na serikali wanaweza kuyapanga pamoja bila kugombania hata senti.

Mkataba wa sasa unamalizika Juni 2029. Mapendekezo ya ule utakaofuata yataanza kuandikwa kabla ya hapo, kutokana na yanayosemwa na walimu katika mikutano ya matawi. Mwalimu anayetaka kikomo cha watoto darasani, ajira ya kudumu kwa wanagenzi, au ulinzi kwa anayepelekwa mpakani, huko kwenye tawi ndiko pa kuanzia kulisema, na kwa mbunge wake ndiko pa kulifuatilia bajeti inaposomwa.